Munatukimbilia ao munatukimbia?

Wandugu, vijana wa Goma na wa Nyiragongo,

Siku ya Yenga iliyopita kulikuwa mbio katika muji wetu. Mafoto mumeyaona wote: tisheti nyeupe zote sawa, muziki toka asubui, maji ya chupa, wakubwa wakipiga foto kwenye mustari wa mwanzo. Kwenye bandarole iliandikwa kwamba mbio ni kwa kusaidia watu wasio na makao.

Sisi tulikuwako. Hatuandiki haya kama watu waliobaki kwenye kitanda na kuanza kuteta wale waliotoka. Tulijiandikisha, tuliamka saa kumi na moja, tulitoka jasho. Kilometa nane, tukizunguka muji toka Signers mpaka kando ya ziwa kule Himbi. Tulifurahi hata. Kuona vijana wengi hivi wakikimbia pamoja bila kukimbia risasi, katika Goma ya leo, si jambo dogo.

Lakini kuko mambo ambayo mafoto hayakuonyesha, na tumeona ni lazima tuyaseme. Majina ya wapangaji na ya ofisi hatuyaandiki hapa. Wao wenyewe wanajijua, na tunachotaka si kumuharibia mutu jina. Tunataka majibu.

Barza zilikuwa tupu

Munajua barza za magazini za Birere. Usiku, wakati magazini zinafungwa, watoto wanakuja kulala pale juu ya makarton. Tunawaita maibobo. Kila Posho jioni, bamoja kati yetu wanapitaka kule na thermos ya chai na mandazi. Si mradi, hakuna logo, ni chai tu.

Posho ile, kesho yake ikiwa mbio, tulifika na hatukukuta hata mutoto mumoja. Makarton yalikuwa pale, yamekunjwa. Mama mumoja anayeuzisha karanga kwenye kona alituambia: "Balibabeba jana magaribi na kamio. Banasema kesho kuko bageni, muji ikuwe safi."

Jana magaribi ni siku ya tano. Watoto waliachiliwa siku ya kwanza asubui, wakati bandarole ilikwisha kuondolewa. Tuhesabu pamoja: toka siku ya tano magaribi mpaka siku ya kwanza asubui ni zaidi ya masaa 48. Katiba yetu, kifungu cha 18, inasema mutu hawezi kushikwa kwa polisi kupita masaa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye sheria. Hiyo ni kwa mutu muzima aliyefanya kosa. Hawa ni watoto, na kosa lao lilikuwa kulala. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inasema mutoto wa chini ya miaka 14 hawezi hata kuhesabiwa mwenye kosa la jinai. Na kifungu cha 41 cha Katiba kinaiambia Serikali kwamba ni wajibu wake kulinda watoto walio katika shida. Kulinda, wandugu. Hakisemi kuwaficha wakati wageni wanapita.

Mutoto mumoja kati yao, labda ana miaka kumi na mbili, alitukuta siku ya kwanza jioni. Mumoja wetu alikuwa bado amevaa tisheti ya mbio. Mutoto alisoma ile maandishi polepole, ju alifikaka darasa la tatu mbele ya kutoka kwao. Kisha akauliza: "Ile mbio yenu, mulikuwa munatukimbilia ao munatukimbia?"

Hatukuwa na jibu. Tulimupa chai. Swali lile tumelala nalo toka siku ile, na njo linatuandikisha barua hii.

Mukimbiaji na mukimbizi

Katika luga yetu neno ni moja. Anayekimbia kwa mchezo ni mukimbiaji, anayekimbia kwa kuokoa roho ni mukimbizi. Mukimbiaji anajua mbio inaishia wapi, na pale kuko maji na medali. Mukimbizi hajui.

Sake iko karibu kilometa 25 na Goma. Mwezi wa pili mwaka wa 2024, wakati vita ilikaribia Sake, watu walizifanya zile kilometa kwa miguu, na godoro juu ya kichwa, na mutoto mugongoni, na mbuzi ao kuku kama walibahatika. Hakuna aliyewapatia namba ya kifuani. Wengi wao haikuwa mara yao ya kwanza. Walikuwa wametoka Kitshanga, ao Karuba, ao Mushaki, na mbele ya hapo pengine pahali pengine. Wale wa Rutshuru walifanya mbio yao mwisho wa mwaka 2022, wakati M23 ilichukua Rutshuru-Centre na Kiwanja, wakajaza Kanyaruchinya.

Mwaka ule wa 2024 walikuwa Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya, Mugunga. Nyumba zilikuwa miti iliyopindwa na shitingi juu, chini mawe ya volkano. Tarehe 3 Mei mabomu yaliwafuata mpaka pale, upande wa Mugunga na Lushagala. Wakafa watu, wengi wao wanawake na watoto. Mutu aliyekimbia mara tatu ao ine akafia ndani ya shitingi, ndani ya eneo la muji ambamo alidhani amefika.

Basi wakati animateri wa siku ya Yenga alishika mikro na kusema "leo tunajiweka mahali pa wasio na makao", sisi tuliinamisha vichwa. Hatukujiweka mahali pao. Kilometa nane na viatu, na askari wakifunga barabara ili moto zisitugonge, kisha sambusa kando ya ziwa. Tungesema tu ukweli: leo tunakimbia kwa kujifurahisha, na feza itakayobaki itaenda Bulengo. Hapo hakuna mutu angekasirika.

Karton ya hundi

Na feza, iko wapi?

Kujiandikisha ilikuwa dolari kumi. Kwa shomeri, dolari kumi si kitu kidogo. Sisi tulikuwa kumi na wane wenye kutaka kukimbia, karibu wote na diploma ya chuo kikuu, karibu wote bila kazi. Tulichanga, tukapata feza ya watano. Wale tisa wengine walisimama kando ya barabara kupiga makofi. Hatulalamiki, ni hiari yetu. Lakini mutu aliyechanga na jirani yake ili apate dolari kumi ana haki ya kuuliza zilienda wapi.

Pale mwisho walionyesha hundi. Hundi kubwa ya karton, urefu sawa mulango, ikibebwa na watu wane. Juu yake kiasi cha feza, chini yake masinyatiri. Walipiga foto nayo pande zote. Nani aliipokea? Hakuna mukimbizi aliyeitwa mbele. Hakuna prezida wa kambi hata moja. Wakubwa walipeana hundi kati yao, wakapeana mikono, animateri akaweka wimbo.

Tunasema hivi bila kucheka: ile karton ingekuwa godoro la watoto wawili pale Birere.

Toka siku ile tunaomba mambo madogo sana. Walijiandikisha watu wangapi? Tisheti zililipwa ngapi, na nani alizichapisha? Podiamu, muziki, hoteli, mafuta ya majipu: ni feza ya masponsa ao ni feza yetu? Kilichobaki ni ngapi, kitaenda kambi gani, tarehe gani, na nani atasinya kwamba amepokea? Jibu lilikuwa: "Vijana, muwe na uvumilivu, kuko komite." Komite ni ya nani, hawakusema.

Nendeni Kituku asubui, kwenye wamama wanaouzisha sambaza. Wako na likelemba yao. Kuko kaye moja, imekunjika, inanuka samaki. Ndani yake kila jina liko, kila franka iko, tarehe iko, na mama asiyejua kusoma anaweka alama ya kidole. Siku mumoja akiuliza, kaye inafunguliwa pale pale mbele ya wote. Wamama wa sambaza, katika upepo wa ziwa, wanaweza kutoa hesabu. Watu wenye ofisi, mashini na wahasibu hawawezi? Wanaweza. Hawataki, ju hatujawazoesha kuulizwa.

Barabara ni ile ile

Jambo lingine linatuuma zaidi kuliko feza.

Kisha mabomu ya tarehe 3 Mei, tuliandika barua kwa kujulisha kwamba tutafanya maandamano ya amani. Tulitaka kutembea tu, na makarton yenye maandishi, kuomba usalama wa kambi na makao ya kweli kwa wakimbizi. Kifungu cha 26 cha Katiba hakisemi tuombe ruhusa, kinasema tujulishe kwa maandishi. Tulijulisha. Jibu likakuja: hapana, tuko ndani ya état de siège, mikutano haikubaliwe, usalama hauruhusu.

Sawa. Siku ya Yenga, barabara ile ile, asubui ile ile, vijana wale wale, na sababu ile ile iliyoandikwa juu ya bandarole, usalama ukaruhusu. Askari wale wale wanaotufukuzaka walikuwa wakitusalimia kwa mukono. Mumoja alitushangilia: "Ongezeni mwendo!" Siku zingine anatuongezesha mwendo kwa njia nyingine.

Tofauti ilikuwa nini? Kwenye karton yetu tulitaka kuandika swali. Kwenye tisheti yao hakukuwa swali lolote. Unaweza kukimbia kwa ajili ya wakimbizi kama hauulizi nani aliwakimbiza. Unaweza kuwalilia kama hausemi jina la jukumu.

État de siège ilianza tarehe 6 Mei 2021. Walituambia ni kwa muda mufupi, kwa kumaliza vita. Mpaka mwezi wa tano 2024 miaka mitatu ilikwisha kupita. Bunagana ilianguka mwezi wa sita 2022, kisha Rutshuru, kisha Kitshanga, na mwaka wa 2024 tulisikia mizinga toka ndani ya nyumba zetu. Wenye kuzuiliwa ni nani? Wenye bunduki wako wanasonga mbele, wenye karton njo wanazuiliwa.

Kukosa makao haiko bahati mbaya

Mbio ile ilitufundisha jambo moja bila kukusudia: wakubwa wanapenda shida isiyo na mwenyewe. Wanasema "watu wasio na makao" sawa vile wanasema "mvua inanyesha". Lakini kila mutu asiye na makao katika muji huu ana historia, na ndani ya kila historia kuko mutu ao ofisi ambayo haikufanya kazi yake.

Chukua wale wa volkano. Tarehe 22 Mei 2021, siku ya Posho magaribi, Nyiragongo ilitapika. Lava ilikula vijiji vya Nyiragongo, ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 27 tuliambiwa tutoke, mitaa kumi ya muji, na sote tukakimbia: Sake, Minova, Rutshuru, Rwanda. Siku ile Goma nzima ilijua maana ya kuwa mukimbizi. Sisi tulirudi, nyumba zilikuwa zinasimama. Wao hawakuwa na pahali pa kurudi. Mulima hauna hatia, mulima ni mulima. Lakini ahadi ya viwanja na nyumba haikutolewa na mulima. Kulikuwa familia za volkano ambazo mpaka 2024 zilikuwa bado ndani ya hema na vibanda vya muda. Muda gani huo?

Chukua wa vita. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimesema wazi mara nyingi kwamba Rwanda inaunga mukono M23. Tunalaani hilo bila kumung'unya maneno. Lakini tunauliza pia wa kwetu: bajeti ya vita inaliwa na nani, na kwa nini askari wa mbele analala njaa? Mwaka wa 2024 nchi nzima ilikuwa na wakimbizi wa ndani zaidi ya milioni 7. Huo umati hautakwisha kwa mbio ya tisheti.

Chukua maibobo. Hawakuzaliwa kwenye barza. Kuko wa vita, waliopotezana na wazazi barabarani. Kuko wale baba alioa mama mwingine. Kuko wale waliitwa walozi na jamaa yao ao na muchungaji, mambo ambayo Katiba na sheria ya 2009 zinakataza wazi, na hatuoni wenye kuwaita hivyo wakipelekwa mbele ya muzuzi. Anayefungwa ni mutoto.

Na chukua sisi wenyewe. Ndiyo, sisi. Bayeri wa Goma anaomba garanti ya miezi kazaa mbele hata haujaona funguo, kwa dolari, katika muji ambamo vijana hawana mushahara. Wengi wetu tuko kwa wazazi ao kwa mujomba, kwenye kiti cha salon. Mujomba akichoka, ao akifa, ao vita ikisonga kilometa kumi tu, kati ya sisi na barza ya Birere inabaki hatua ngapi? Hatuandiki juu ya watu wengine.

Kifungu cha 48 cha Katiba kinasema haki ya makao ya heshima inahakikishwa, pamoja na maji na umeme. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Basi Serikali iko na udongo, na iko na wajibu. Kinachokosekana katikati ni nini? Muji huu unajenga: kila mwaka nyumba za gorofa zinaongezeka Himbi na Katindo. Pahali pa kujenga tunapapata. Pahali pa kuweka familia za volkano, mpaka 2024, miaka mitatu, hatukupapata.

"Nanyi munakosoaka tu"

Tunasikia yale mutatuambia. Tayari yameandikwa.

"Angalau wao walifanya kitu." Kweli, na tunawashukuru wote waliokimbia kwa roho safi, hata wapangaji wadogo waliobeba meza usiku. Lakini "angalau" isigeuke kifuniko. Kama nikikuletea maji na nimemwaga nusu njiani, utasema asante, kisha utauliza ndoo inatoboka wapi.

"Munaharibu jina la muji, masponsa hawatarudi." Sponsa anayeogopa swali la hesabu, asirudi. Jina la muji liliharibiwa siku watoto walipandishwa kamio ili muji uonekane una huruma.

"Maibobo ni wezi, hata ninyi munajua." Kuko wanaoiba, ndiyo. Tumeibiwa simu, tunajua. Anayeiba ashikwe kwa kile alichoiba, apelekwe kwa muzuzi wa watoto, sheria iko. Lakini siku ile hawakushikwa kwa wizi. Walishikwa kwa kuonekana.

"Kwa nini hamukusema mbele ya mbio?" Swali hili ni la haki, na hapa tunapiga magoti. Usiku ule wa Posho tulijua barza ni tupu. Tulizungumuza mpaka saa ine usiku: twende tuulize watoto wako wapi, ao tungoje? Tulisema tungoje, tusiharibu siku ya wengine, tumekwisha kulipa. Asubui tukavaa tisheti. Watoto walikuwa kwenye kasho, nasi tulikuwa tukipiga selfi kwa ajili yao. Hilo ni kosa letu, haliko la komite, haliko la Leta. Tunaliandika hapa ili lisirudie.

Na tuseme yote. Ni nani kati yetu hajamufukuza mutoto wa barabara kwenye mulango wa restora? Ni nani hajasema "toka hapa, unanuka"? Ni nani, wakati wakimbizi walijaza shule ya mutaa wake, hakunung'unika kwamba wataharibu vyoo? Wakubwa walifukuza watoto kwa kamio. Sisi tunawafukuzaka kwa mukono, mumoja mumoja, kila siku. Kama hatuanzi kwa kujikosoa, tutakuwa wakubwa wadogo wanaongoja zamu yao ya kushika hundi ya karton.

Tunaomba nini

Kwa wapangaji wa mbio: katika siku saba toka leo, watoe hesabu yote kwa maandishi. Walioingia, kilichotumika, kilichobaki, na jina la kambi itakayopokea. Wakifanya hivyo, tutakuwa wa kwanza kuwashukuru pahali hapa hapa, kwa herufi kubwa.

Kwa wakubwa wa muji: waseme nani alitoa amri ya kubeba watoto siku ya tano, na kwa sheria gani. Wahakikishe haitafanyika tena, si kwa mbio, si kwa ziara ya mugeni, si kwa sikukuu.

Kwa Serikali ya jimbo na ya taifa: watuambie familia za volkano zitapata viwanja siku gani. Tarehe, si ahadi. Na kambi zisiwe pahali pa silaha. Mizinga isiwekwe kati ya shitingi za watu, na kila upande unaopigana ukome kurusha mabomu pahali raia wamelala.

Kwa wale wanaotoa musaada: waulizeni wenye shida. Tulipoenda Bulengo kuuliza, wamama hawakutuambia tisheti. Walisema shitingi, ju zile za kwanza zimetoboka na mvua inaingia. Walisema makala, ju wakienda kutafuta kuni upande wa hifadhi ya Virunga wanabakwa. Hii haiko siri, kila shirika la afya la Goma linajua. Gunia la makala linaweza kumulinda mama kuliko hotuba kumi.

Nasi tutakimbia tena

Hatukati mbio. Tunaigeuza.

Siku ya Posho ya mwisho wa mwezi ujao, tutakimbia toka Birere mpaka Bulengo. Tutaanzia pale watoto wanalala na tutaishia pale wakimbizi wanalala, ili kusikuwe njia ya kuwazunguka. Hakuna tisheti: kila mutu avae yake. Hakuna kujiandikisha kwa dolari: kila mutu alete kile anaweza. Sabuni, makala ndani ya mufuko, kikwembe, franka mia tano. Anayeweza kukimbia akimbie, asiyeweza atembee, mwenye chukudu abebe mizigo, wamotari wanaotaka wabebe wazee.

Watoto wa barza watakimbia nasi wakitaka. Tuliwauliza mbele ya kuandika. Yule wa swali alisema atakuja, lakini hataki kuvaa namba. Tulisema sawa.

Kaye ya hesabu itashikwa na mama mumoja wa likelemba ya Kituku. Tulimuomba, akakubali, akatuonya kwamba hatabembeleza mutu. Pale Bulengo, mbele ya komite ya wakimbizi, atasoma kila kilichoingia, kwa sauti, na komite itasinya. Foto ya ukurasa ule njo foto ya kwanza mutaona hapa.

Na kuko barua. Ile ile waliyotuzuia kutembea nayo mwezi wa tano. Tutaibeba mbele ya wote, toka mukono mpaka mukono, njia yote, na kisha mbio tutaifikisha kwenye ofisi inayohusika. Walituonyesha wenyewe kwamba katika muji huu kukimbia kunaruhusiwa. Basi kama kutembea na barua ni kosa, tutakimbia nayo.

Siku ile mutoto akituuliza tena, hatutaki kumupa chai peke yake. Tunataka tuwe na jibu.

Mujulishe wengine. Muje na viatu, ao bila viatu.

Goma, mwezi wa sita 2024